Chema hakijiuzi gizani

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tulifunzwa methali hiyo shuleni, tukaitungia insha na kuwekewa alama ya vyema. Lakini wahenga hao walikuwa na soko lao akilini. Ni soko ambalo mnunuzi hupita mbele ya kila fungu, akainama, akaliminya embe kwa kidole, akalinusa, kisha akauliza bei. Katika soko la namna hiyo embe tamu halihitaji kupigiwa debe.

Soko la michezo ya tarakilishi ni tofauti kabisa. Katika duka moja tu la mtandaoni liitwalo Steam, ambalo ni mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, michezo mipya zaidi ya 18,000 ilipangwa mwaka 2024. Gawanya kwa siku za mwaka huo nawe utapata karibu michezo 50 kila siku inayopambazuka. Mpita njia katika duka hilo hana embe la kuminya. Anaona picha ndogo mfano wa stempu ya posta, iliyobanwa katikati ya nyingine nyingi, naye huamua kwa kufumba na kufumbua kama atasimama au atapita.

Nimelazimika kuyatafakari haya kwa sababu ya mpwa wangu, ambaye ni mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi. Kwa miaka miwili amekuwa akikesha mbele ya tarakilishi akitengeneza mchezo wa kutisha, peke yake, bila kampuni wala mfadhili. Mchezaji huwa dereva wa tuktuk mjini Mombasa. Hubeba abiria usiku kutoka Likoni hadi Nyali, akazungumza nao na kupokea nauli. Mmoja kati ya abiria hao si binadamu, na dereva sharti amtambue kabla ya kuvuka daraja. Hana bunduki wala panga. Ana kioo cha kutazama nyuma, taa, na masikio yake.

Yeyote aliyelelewa pwani anajua hadithi hiyo imetoka wapi. Nani hajasikia habari za mwanamke mzuri anayenukia udi, ambaye ukimtazama miguuni unakuta kwato?

Mpwa wangu alilipa ada ya dola 100, yaani takriban Sh13,000, ambayo Steam hutoza kila mchezo unaoingia dukani. Ada hiyo hurudishwa mchezo ukishauza dola 1,000. Akafungua ukurasa wake, akaweka jalada alilolichora mwenyewe, akangoja. Miezi mitatu ikapita. Waliofungua ukurasa walihesabika kwa vidole.

"Shikamoo, mjomba," alinipigia simu jioni moja. "Watu hawafungui."

Hakuwa amemaliza kuongea nami kabla mamake, ambaye ni dada yangu, kupiga yake kutoka Mombasa. "Kaka, zungumza na mpwao. Nimempa hadi Desemba. Jambo hili lisipokuwa na kichwa wala miguu, aifunge hiyo mashine ashike vitabu."

JALADA LA KWANZA

Nilimwomba kijana aniletee jalada hilo nilione. Lilikuwa limejaa. Juu palikuwa na mwezi mwekundu na popo. Kushoto fuvu la kichwa, kulia mwanamke mwenye meno ya simba. Katikati tuktuk ikiwaka moto, na chini dereva ameshika panga. Herufi zilichirizika damu nazo zilisema: "Usiku wa Mashetani: Laana ya Jini wa Pwani ya Mombasa". Likitazamwa kwa ukubwa wake kwenye tarakilishi, kazi ya mkono ilionekana, na sikumvunja moyo kwa hilo.

Kisha nikamwambia alipunguze mpaka liwe kama linavyoonekana dukani, aiegemeze simu ukutani upande wa pili wa sebule, arudi akae kando yangu. Alitazama kwa muda. "Mjomba," akasema polepole, "ni kama mchuzi uliomwagika."

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

ANZA NA STEMPU

Kosa la wengi ni kuchora picha kubwa kwanza, kisha kuipunguza mwishoni. Steam humtaka mtengenezaji alete jalada lake kwa vipimo kadhaa. Kuna la pikseli 1232 kwa 706, la 920 kwa 430, na dogo la 462 kwa 174. Pikseli ni zile nukta za rangi zinazounda picha kwenye kioo. Hilo dogo nalo hupunguzwa tena na mitambo ya duka mpaka hufikia pikseli 120 kwa 45. Duka jingine linalopendwa na watengenezaji wa kujitegemea, itch.io, hupendekeza picha ya pikseli 630 kwa 500, nayo pia mnunuzi huiona ikiwa imesongamana na wenzake.

Katika nafasi ya 120 kwa 45, fuvu, popo, mwezi, moto na panga haviwezi kukaa pamoja. Hata jina la maneno kumi haliingii. Ndiyo sababu mwenye busara huanza na ile ndogo kabisa. Aandike jina peke yake na kuona kama linasomeka. Likisomeka, aongeze kitu kimoja. Kikionekana, aache hapo. Picha kubwa itajengwa juu ya msingi huo, na vipimo vingine vitakatwa kwa namna yake, si kwa kuikunja picha moja ienee kila mahali kama kiraka.

Kuna sheria pia. Tangu Septemba 1, 2022, Steam imekataza majalada kuandikwa sifa za wakaguzi, majina ya tuzo au habari za bei kupunguzwa. Maneno yanayoruhusiwa kwa kawaida ni jina la mchezo na jina lake dogo la pili kama lipo. Kwa hivyo huwezi kujipigia zumari juani. Mchoro na jina ndivyo vitakavyokusemea.

PAPA NA MWOGELEAJI

Sasa tuje kwenye kutisha kwenyewe. Kijana wangu alidhani kutisha ni kurundika vitu vya kutisha. Nikamkumbusha picha ambayo wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu, ile ya filamu ya Jaws. Ilichorwa na Mmarekani Roger Kastel kwa ajili ya jalada la karatasi la riwaya ya Peter Benchley, kisha ikatumiwa kutangaza filamu yenyewe mwaka 1975.

Ndani yake mna nini? Juu, mwanamke anaogelea kwa raha zake. Chini, papa anapanda na kinywa wazi. Hakuna tone la damu. Papa hajamgusa mtu. Kinachotutia baridi ni ule umbali ulio kati yao, na kwamba sisi tunajua jambo ambalo mwogeleaji halijui. Ondoa mwanamke, utabaki na picha ya samaki. Ondoa papa, utabaki na tangazo la hoteli ya ufuoni.

Huo ndio ufundi wote kwa ufupi: chukua kitu cha kawaida, kisha ukitie kasoro moja.

Watengenezaji wadogo waliofanikiwa wameufuata mwendo huo huo. Mmarekani Scott Cawthon aliwahi kutengeneza mchezo wa watoto kuhusu wanyama wachana mbao. Watu wakamkosoa kwamba wanyama wake walijongea kama mashine na walitia hofu. Aliumia. Mwaka 2014 alitoa Five Nights at Freddy's, mchezo ambao mashine za sura ya wanyama katika mkahawa wa watoto hutembea usiku. Kitambulisho chake ni uso wa dubu wa kuchezea watoto, ukikutazama kutoka gizani. Basi. Dubu ni wa kawaida, ila jinsi anavyokutazama si kawaida. Kutoka kazi hiyo ya mtu mmoja zilizaliwa sehemu nyingi, vitabu, na filamu ya mwaka 2023.

Limbo, mchezo wa mwaka 2010 wa kampuni ya Playdead ya Denmark, hauna rangi hata moja zaidi ya nyeusi, nyeupe na kijivu. Utaona umbo jeusi la mtoto wa kiume, na macho mawili yanayong'aa. Little Nightmares, uliotengenezwa na Tarsier Studios ya Uswidi mwaka 2017, una mtoto mdogo aliyevaa koti la mvua la manjano katika dunia ya watu wakubwa na giza. Katika rafu ambayo kila jalada ni jeusi na jekundu, lile koti la manjano hulivuta jicho kabla hujajua unatazama nini. Rangi inayotofautiana na majirani hufanya kazi kuliko lita kumi za damu.

JINA NA PICHA VISISEME JAMBO MOJA

Tulipofika hapo kijana akapata mwanga. "Basi nitauita Kwato," akasema, "na nitachora kwato."

Nilimzuia. Ikiwa picha inaonyesha kwato na jina linasema Kwato, mmoja kati yao amekuja kula bure. Jina na picha ni kama watu wawili wanaosimulia kisa kimoja: akisema huyu, yule aongeze. Baada ya vikombe viwili vya chai tuliafikiana mchezo uitwe "Abiria". Ni neno moja la herufi sita, la kila siku, lisilomtisha mtu. Litiwe chini yake mguu usio wa binadamu na papo hapo neno hilo litabadilika ladha.

Alimtafuta rafiki yake anayepaka tuktuk rangi huko Mombasa, wakapatana malipo na jina lake kuandikwa miongoni mwa wahusika wa mchezo. Nililipenda shauri hilo. Mchoraji wa tuktuk au matatu ni mtu aliyezoea kazi itakayotazamwa kwa nukta tatu, ikipita, kwenye vumbi. Isitoshe, kijana alikuwa ameshawishika kuiagiza picha kutoka kwa programu za akili unde. Nilimweleza kwamba tangu Januari 2024 Steam humtaka mtengenezaji atangaze kazi ya namna hiyo kwa wanunuzi, na kwamba programu hizo hazijui tofauti ya mwanamke wa Mombasa na wa Marrakech. Mwenye tuktuk anaijua.

BUIBUI LA MAMA

Mchoro wa kwanza wa rafiki huyo ulikuwa mzuri ajabu. Ulionyesha kiti cha nyuma cha tuktuk usiku, pindo la buibui, na chini yake kwato mbili. Mpwa wangu akautuma nyumbani kwa furaha. Jibu la mamake lilikuwa fupi.

"Buibui ni stara yangu na ya nyanya yako. Ukilichora juu ya kwato, kesho kila mwanamke atakayesimamisha tuktuk usiku atachekwa miguu. Hilo silitaki na jina lako likiwa juu yake."

Kijana alinuna siku mbili. Alisema sanaa haina mipaka, na kwamba hadithi hiyo haikutungwa na yeye. Mimi nilimwambia dada yangu amesema kweli, tena amemsaidia. Hadithi ya kale inasimuliwa barazani na mtu anayekujua. Jalada linatazamwa na mtu wa Brazil au Korea ambaye hajawahi kumwona mwanamke mwenye buibui ila kwenye picha hiyo. Atakachokishika ni kwamba vazi ndilo la kutisha. Kumbe kinachotisha ni kwato.

Wakabadilisha buibui kuwa leso ya manjano. Na hapo likazuka jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelipanga. Kila leso ina jina lake, yale maneno yaliyochapwa karibu na pindo. Mchoraji akaliandika neno ABIRIA mahali pa jina la leso. Jina la mchezo likawa ndani ya picha yenyewe.

Tuliiegemeza simu ukutani tena. Jina halikusomeka. Lilikuwa limejificha katika mikunjo ya kitambaa. Ilibidi mchoraji aanyooshe pindo, anenepeshe herufi, na kwa lile jalada dogo aondoe tuktuk yote: akabakisha pindo la leso kutoka ukingo hadi ukingo, jina, na kwato moja kwenye kona. Katika jalada kubwa utaona pia kioo cha dereva, na macho ya dereva yakitazama barabara iliyo mbele. Hatazami nyuma.

UZURI WA MKAKASI

Wenzetu wa Ghana wana kisa kinachofaa hapa. Tangu miaka ya 1980, wenye video walizunguka mijini na vijijini na runinga, mashine ya kanda na jenereta. Ili kuita watu walichorewa mabango kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Baadhi ya wachoraji hawakuwa wameiona filamu yenyewe. Walitia nyoka, vichwa vilivyokatwa na viumbe ambavyo havikuwamo kabisa. Leo mabango hayo hukusanywa na wapenzi wa sanaa ughaibuni, na hakika yanastahili.

Lakini mwenye video angeweza kung'oa jenereta alfajiri na kuhamia mji mwingine. Mtengenezaji wa mchezo hana pa kuhamia. Steam humruhusu mnunuzi kudai fedha zake ndani ya siku 14 ikiwa hajacheza kufikia saa mbili, na maoni yake mabaya hubaki ukutani kila mtu ayasome. Panga lile la jalada la kwanza lilikuwa deni. Aliyenunua kwa ajili ya panga angelitafuta, akalikosa, akakasirika kwa haki. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Jalada litishe kwa kile kile kitakachotisha ndani.

MAJARIBIO MANNE

Kwa wanafunzi walio na kazi kama hizi, haya ndiyo tuliyoyafanya nami nayapendekeza, kwani hayagharimu hata senti.

Kwanza, punguza jalada liwe upana wa kidole gumba na ulitazame kutoka mbali. Pili, liondolee rangi zote. Kama bila rangi hulitambui, basi tofauti ya giza na mwanga haitoshi, na giza ndilo adui mkubwa wa majalada ya kutisha kwa kuwa humeza kila kitu. Tatu, libandike katikati ya majalada kumi ya michezo mingine ya aina hiyo, uone kama jicho linalifikia au linaliruka. Nne, mwonyeshe mtu asiyejua habari za mchezo wako kwa nukta tano, ulifiche, kisha umuulize ameona nini na anadhani atafanya nini ndani yake. Usimsahihishe. Kama amekosea, aliyekosea ni mchoro.

WATOTO HUONA MAJALADA

Kwa wazazi nina neno. Jalada humfikia hata yule asiyeruhusiwa kucheza. Mchezo wa Poppy Playtime wa mwaka 2021 una dubwana la buluu lenye manyoya, mikono mirefu na meno, liitwalo Huggy Wuggy. Watoto wadogo walilidhani kitu cha kukumbatia, na mwaka 2022 polisi wa Dorset nchini Uingereza walilazimika kuwatahadharisha wazazi kuhusu video zake zilizoenea mitandaoni. Kitu cha kawaida chenye kasoro moja kina nguvu, na mtoto huona ule ukawaida kwanza.

Kwa hivyo tazameni alama za umri kama mnavyozitazama zile za KFCB kwenye filamu, yaani GE, PG, 16 na 18. Google Play humtaka kila mtengenezaji ajibu maswali ili mchezo wake upewe alama ya umri. Naye mtengenezaji asijifiche nyuma ya alama hizo. Ajue kwamba jalada lake litapita mbele ya macho ambayo hakuyakusudia.

Jalada jipya lipo dukani sasa. Sisemi mpwa wangu ametajirika, kwani mchezo wenyewe haujakamilika na Desemba ya mamake iko pale pale. Ila wanaofungua ukurasa hawahesabiki tena kwa vidole.

Nyumbani kwao kuna kitinda mimba, binti wa miaka tisa. Alipoliona jalada la kwanza, lile la mafuvu, alijifunika shuka na kwa siku kadhaa hakwenda msalani usiku bila kusindikizwa. Nilipokuwa Mombasa juzi alilikuta jipya kwenye simu ya kakake. Safari hii hakukimbia. Alilitazama kwa muda mrefu, kidole mdomoni.

"Mbona huyu mama ana miguu ya mbuzi?" akauliza. Kisha akasogea karibu zaidi. "Na dereva anajua?"

Kakake alimpokonya simu akamwambia atajua akifikisha umri. Mimi na dada yangu tulitazamana. Hakusema lolote kuhusu Desemba.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.